Mwaka Tulimtafutia Mama Atieno Kitu ya Kutafuna

Atieno alinipigia simu Jumamosi asubuhi, na hiyo sauti sikuwa nimeisikia tangu wiki ile mamake alizikwa. Namba yake nilifuta zamani, kwa hasira, kwa hivyo nikauliza, "Nani?" Akasema, "Ni mimi." Hakutaja jina. Yaani mtu anapotea miaka yote hiyo, halafu anakuambia ni mimi, na kitu inauma ni kwamba unamjua. Akasema anahama. Bwanake amepata kazi Kisumu, lori inakuja jioni, na kama niko na nafasi nikuje Soweto East nimsaidie kufunga vitu. Hakuniuliza niko aje. Hakusema pole. Kufunga vitu! Nikamwambia siko na nafasi, nikakata simu, nikatukana ukuta, nikatukana sufuria, halafu nikavaa viatu nikaenda. Mimi ndio niko hivyo. Mdomo inakataa na miguu iko njiani.

Alinifungulia mlango akiwa amejifunga leso kichwa, vumbi kwa pua, amenona kidogo. Hatukukumbatiana. Akasema, "Anzia jikoni, huko wewe ndio unajua," nikapita kama fundi ameitwa kutengeneza bomba. Na hapo mbele ya sinki nikasimama. Watu wengine wakikumbuka ujana wao wanakumbuka shule, ama kanisa, ama kijana fulani aliwavunja moyo. Mimi nakumbuka hii jikoni. Mwaka moja peke yake, nikiwa na miaka kumi na tisa, nakata mboga nyembamba kama karatasi na kuitupa kwa mafuta moto, ili mama mmoja mgonjwa akubali kula. Sikuwa mtoto wake. Lakini niulize mimi ni nani leo, nitakuonyesha hiyo sinki.

Wacha nieleze venye hiyo nyumba iko, juu bila hiyo hautaelewa. Ni zile fleti za serikali, watu wa mabati walihamishiwa huko. Kwa mpango ni nyumba moja ya vyumba tatu. Kwa ukweli ni familia tatu, kila moja na chumba yake, na jikoni ni ya wote, choo ni ya wote, na ukipiga chafya usiku, asubuhi watu watatu wanakuuliza kama umepata dawa. Chumba ya kwanza ilikuwa ya mlinzi mmoja ambaye mara nyingi tulikuwa tunaona tu viatu zake mlangoni. Ya katikati ilikuwa ya Mama Shiro, Mkikuyu wa maneno mingi, mwenye meko ya gesi na hakuna mtu aliruhusiwa kuigusa. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Atieno na Atieno, na yao ilikuwa stovu ya mafuta ya taa yenye ilikuwa inalia kama paka. Jikoni yenyewe ilikuwa nyembamba, watu wawili wakitaka kupitana lazima mmoja avute tumbo ndani. Dirisha iliangalia fleti ingine, kwa hivyo jua haikuwa inaingia, harufu ndio ilikuwa inatoka.

Ya kwetu sitaeleza. Kwetu ni Kabiro, Kawangware, watu wazuri tu, lakini si hao nimekaa chini kuandika. Mimi na Atieno tulijuana kwa kibanda ya chipo, yaani chipsi, mimi nakaanga, yeye anamenya. Kukaanga hakuna mtu alinifundisha. Shule niliachia form two, na chenye najua nilijifunza kwa kuchomeka na kwa video za simu, za mama fulani wa India ambaye sikuwa naelewa hata neno moja. Nilikuwa naangalia mikono tu. Siku moja customer akamwita Atieno takataka juu pilipili ilikuwa kidogo. Nikamwambia arudishe chipo. Alikuwa ameshakula nusu. Nikamwambia arudishe hiyo nusu pia. Mwenye kibanda alinifokea mpaka mishipa ikamtoka shingo, lakini kutoka siku hiyo Atieno akawa ananingojea tutoke pamoja, na Jumapili moja akanipeleka kwao.

Mama Atieno alikuwa mtu mkubwa, wa kuingia mlango kwa upande, na kicheko yake ilikuwa inafika kwa majirani kabla ya stori. Alikuwa anauza nguo za watoto za mtumba. Aliniangalia hiyo Jumapili, venye nilikuwa nimekonda kama mswaki, akasema, "Huyu Mkamba nani amemnyima chakula? Keti, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu kwa Kijaluo. Hakuniuliza kama nataka kuwa. Akanipakulia ugali na samaki, akakaa hapo ananiangalia mpaka nikamaliza, na nilipomaliza akaniuliza kama hiyo ndio kula ama nilikuwa naonja. Hivyo ndivyo nilimjua. Nataka umjue hivyo pia, kabla sijafika kwa ile ingine.

Ugonjwa ilikuwa kwa tumbo. Ilipopata jina, ilikuwa imeshakaa. Kliniki wakamwanzishia dawa kali, na hiyo dawa ikamharibia ulimi. Alisema kila kitu inakaa kama kulamba msumari. Chai? Msumari. Uji? Msumari ya moto. Tukamletea samaki, yeye mtu wa ziwa, akaonja akaweka chini. "Hii ni msumari iko na mifupa." Tukacheka, yeye pia, lakini sahani ilirudi jikoni venye ilitoka. Akaanza kukonda. Pete ikawa inatoka yenyewe. Nguo zikawa za mtu mwingine. Siku moja tulimpeleka kliniki sisi wawili, nesi akampima, akatuvuta kando akasema, "Kilo ikishuka tena, tutasimamisha dawa. Mwili haitaweza. Mlisheni. Chochote atakubali, mpeni." Chochote atakubali. Hayo maneno nilitoka nayo hapo kama mtu amepewa silaha.

Yenyewe ilianza kwa bahati. Nilikuwa nimekuja na karatasi ya krisps za viazi kutoka kibanda, zile za kubaki chini, zimechomeka kidogo. Mama Atieno alikuwa kwa kitanda. Akachukua moja bila kufikiri, akaiweka kwa meno, tukaisikia ikivunjika. Akachukua ingine. Atieno akaniangalia. "Utamu sisikii," Mama Atieno akasema, "lakini hii angalau inapiga kelele. Najua niko na kitu mdomoni." Akamaliza karatasi. Unajua mimi, hapo nilikuwa nimeshaanza vita. Nilimwambia Atieno, kama ni kelele anataka, nitamletea kelele za kila aina.

Viazi zikamchosha haraka, na nesi alikuwa ametaka kitu ya kujenga mwili, si viazi tu. Kwa hivyo nikaanza kujaribu. Nikitoka kibanda napitia soko ya Kawangware, nachukua chenye nimeona, nakata na miguu mpaka Soweto East, naingia hiyo jikoni. Nilianza na nduma. Nduma ukiikata mbichi inakuwasha mikono mpaka unataka kuizika, na mimi sikujua, nikajikuna hadi mabega, Mama Shiro amesimama mlangoni na kikombe yake ananiangalia kama sinema. "Kwenu hamna nduma?" Nikamwambia kwetu tunakula vitu havitupigi. Nikajua kuilowesha na chumvi kwanza, halafu kuikausha kwa kitambaa, halafu mafuta isiwe moto sana. Zikatoka nyeupe na nyepesi. Mama Atieno akala tatu. Bitruti ikafuata. Bitruti ilimwaga damu yake kwa sinki, kwa ukuta, kwa mikono zetu, mlinzi akatoka chooni akasimama ghafla, akauliza kama tuko salama. Na ina sukari, inaungua ukigeuka kidogo tu. Mara ya kwanza ilikuwa makaa. Mara ya pili Mama Atieno akaweka moja juu ya ulimi, akatoa ulimi nje kutuonyesha imekuwa nyekundu, kama mtoto wa nasari. Malenge ililegea, haikutaka kukauka hata nikiimbia. Ndizi mbichi ilikuwa sawa.

Halafu nikaenda kwa vitu vya kunde, kwa sababu Mkamba ukimkwaruza, chini kuna ndengu. Nilipeleka ndengu kwa posho mill hapo Kabiro, yule jamaa akakataa. "Nisagie ndengu kwa mashini ya mahindi? Watu wakipata ugali ya kijani nitawaambia nini?" Tukagombana hadi watu wa foleni wakaingilia, mmoja akasema huyu msichana ni afadhali asagiwe aende. Nikaukanda huo unga na maji na bizari, nikausukuma na chupa ya soda hadi ukawa mwembamba wa kuona upande ule mwingine, nikakata vipande, nikakaanga. Zilitoka na mapovu, dhahabu, zinavunjika vizuri. Atieno alikula hadi nikampiga mkono. Njahi, zile maharagwe nyeusi za Wakikuyu, ndio ilitaka kutuua. Nilichemsha, nikaitupa nzima kwa mafuta bila kuikausha vizuri, na hizo njahi zikaanza kupasuka kama risasi, tukalala chini ya sinki mimi na Atieno tumefunika nyuso na vifuniko vya sufuria, na Mama Shiro anapiga mlango, "Njahi ni ya mama amejifungua! Nyinyi mnaifanya popcorn? Nani alizaa nyinyi?" Kutoka chumbani tukasikia ile kicheko, ndogo sasa, imekonda pia, lakini ni yeye. Nilichomeka mkono, alama iko mpaka leo. Ningechomeka ingine kusikia hiyo kicheko tena.

Kila jaribio ilikuwa na utaratibu wake. Naweka kwa bakuli, napeleka mwenyewe, nakaa kwa ncha ya kitanda. Yeye anachukua moja, anaivunja na meno ya mbele, anafunga macho anasikiliza, halafu anahukumu. "Hii inalia vizuri." "Hii iko na homa." "Hii ni ya kupaka ukuta." Mimi nabishana. Naye anabishana. Anakula hapo mbele yangu, pole pole, mpaka bakuli inaonyesha chini. Halafu ananifukuza. "Enda sasa, nyathina, giza isikupate njiani, Kawangware ni mbali." Hata jua ikiwa juu ananifukuza. Nilikuwa nafikiria ni vile mama huwa wanahangaikia watu. Nilikuwa nateremka hizo ngazi nikiwa na bakuli tupu mkononi, naimba, nasalimia watu sijui. Niambie ni tajiri gani alikuwa na furaha kama yangu.

Siku ya dek ndio siku kubwa. Dek ni ile mboga ya majani tunaita saga, wengine mgagani, na alikuwa ameitaja mara nyingi, venye mamake alikuwa anaipika. Mimi sikuuliza inapikwa aje. Nilijua tu anaitaka, na najua kukaanga. Nikanunua fungu, nikachambua majani, Atieno akaosha, nikayapaka unga wa ndengu kidogo na chumvi, nikayatupa kwa mafuta moja moja. Yalisimama, yakawa kama kioo ya kijani. Nilijivunia hadi nikamuitia Mama Shiro. Atieno akaonja moja, akakimbia kwa sinki akatema. "Mwende, umetuua! Hii mboga hujailaza na maziwa!" Kumbe Wajaluo dek wanaichemsha, wanamwaga maji, halafu wanaiweka na maziwa, wanaipasha leo, wanaipasha kesho, mpaka uchungu inaisha. Mimi nilikuwa nimekaanga uchungu yote na kuifungia ndani. Nikataka kumwaga. Mama Atieno akaita kutoka chumbani, "Hiyo mnapigania ni nini? Lete."

Nikapeleka. Akachukua jani moja, likavunjika, akafunga macho. Akakaa hivyo. Nikaona machozi inatoka kwa upande. Nikafikiria nimemuumiza. "Hii," akasema, "hii naisikia." Nikamuuliza, "Unaisikia kwa ulimi?" "Naisikia. Ni dek ya mtu hajui kupika kabisa. Mamangu angekufukuza kwa boma." Akachukua ingine. Akamaliza bakuli yote, machozi ikiteremka, anatukana upishi yangu kati ya kila jani. Atieno alikuwa amebeba mitungi anaenda kutafuta maji, hakuona. Mimi ndio niliona. Na kliniki ya wiki hiyo, kilo ikawa imepanda. Nesi akaangalia mara mbili, akasema dawa iendelee. Nilipiga kelele hapo kwa benchi hadi mlinzi wa kliniki akaja. Nilijua ni mimi. Si ni ukweli? Dunia nzima ilikuwa imeshindwa, na mimi Mwende wa Kabiro, na karai ya mafuta na majani, nimeweza.

Niliendelea kumkaangia dek hivyo hivyo, chungu, na kunde, na majani ya malenge. Lakini alikuwa anaenda. Sasa nikiangalia nyuma naona kila kitu, mkono venye ulikuwa unachukua dakika kufika kwa bakuli, sauti venye ilikuwa inaishia katikati ya utani. Wakati huo sikuona. Niliona bakuli tupu tu. Karibu na mwisho kakake alikuja kutoka Siaya, Anko Ochieng', mzee mrefu wa koti na kofia. Alilala huko siku chache, halafu siku moja nikafika na karatasi yangu akanisimamisha mlangoni. "Hiyo ibaki nje." Nikamwambia nesi alisema chochote atakubali. Akasema, "Mimi siongei na nesi, naongea na wewe." Nikamwangalia Atieno nyuma yake. Atieno akasema, "Mwende, wacha tu leo." Leo ikawa kesho. Nilikuwa nakuja, naketi na Mama Atieno mikono mitupu, sijui nifanye nini nazo. Alinishika kidole. Alikufa wiki hiyo, asubuhi, mimi nikiwa kibanda nakaanga viazi za watu wengine.

Jioni zilizofuata zilikuwa za matanga. Chumba haikutosha, watu walikaa mpaka kwa ngazi, chai inapita, mkate inapita, kamati inapanga bus na jeneza na nani atapanda kwenda Siaya, juu Mjaluo lazima alale kwao. Mimi nilikuwa jikoni napika hiyo chai. Jioni moja Anko Ochieng' akasimama. Aliongea Kijaluo kwanza, halafu akageukia Kiswahili, polepole, nikajua hiyo Kiswahili ni yangu. "Kuna vitu dada yangu alikuwa analishwa hapa. Majani ya kukaangwa. Nilionja. Mimi nimekula dek tangu nizaliwe, na dek haiwi chungu hivyo. Dek inalala na maziwa. Nani alimpikia hiyo, na aliweka nini ndani?" Mama mmoja karibu na mlango akasema, chini chini lakini tukasikia, "Si ni yule Mkamba." Na mwingine, "Wakamba na dawa zao za kuroga."

Sijui birika niliiweka wapi. Nilijikuta katikati ya chumba. "Niliweka chumvi!" nikasema. "Chumvi na unga ya ndengu! Uliza mwenye aliosha hayo majani! Na wewe mzee, dada yako akikonda hapa ulikuwa wapi? Mimi nilikuwa nakuja na miguu kutoka Kawangware, wewe umekuja kula mkate ya matanga!" Kuambia mzee hivyo, mbele ya watu, kwa matanga, hakuna. Mama Shiro peke yake akafungua mdomo, "Hiyo mboga ilikaangwa mbele yangu, hakuna kitu iliwekwa," mwenyekiti wa kamati akamwambia, "Mama, hii ni mambo ya familia." Mimi nilikuwa naangalia Atieno. Yeye ndiye aliosha. Yeye ndiye alionja akatema. Neno moja tu. Alikuwa ameshika kikombe na mikono yote mbili, anaangalia ndani yake kama ameangusha kitu huko. Hakusema kitu. Mwenyekiti akaniambia, "Msichana, toka nje."

Siku ya kusafirisha mwili nilienda tu, nimevaa leso, nimebeba begi ya nguo moja. Mimi ni mtu wa kwenda. Jamaa wa kamati alisimama kwa mlango ya bus, hakunisukuma, hakunitukana, alisema tu, "Wewe hapana." Niliona viti ziko wazi. Niliona Atieno kwa dirisha, na Atieno akaniona, halafu akavuta pazia. Bus ikatoka na jeneza na mama wangu ndani, nikabaki hapo na begi. Watu wananiambia nilikosa adabu kwa yule mzee. Sawa. Nirudishe hapo leo, nitasema tena, na sauti ya juu kuliko hiyo. Lakini kaburi yake sijawahi kuona. Sijui iko upande gani wa boma, kama kuna mti, kama kuna saruji ama ni mchanga tu. Nikiota namuona amelala kwa jikoni, juu sijui mahali pengine pa kumuweka.

Hiyo yote ndio nilikuwa nayo kifuani nikifunga sufuria na magazeti hiyo Jumamosi. Tulifanya kazi saa nzima. Mama Shiro alishahama kwenda Riruta kwa msichana wake, chumba yake iko na watu sijui. Atieno alikuwa amepiga magoti, anafunga godoro na kamba, na kamba ilikuwa inateleza, nikaenda nikaishika upande ule mwingine, na nikiwa nimeishika nikasema, "Ulinyamaza." Sikupanga. Akasema, "Vuta." Nikavuta. "Atieno, ulinyamaza. Neno moja. Ulivuta pazia!" Akafunga fundo, akakaa juu ya hiyo godoro, akasema, "Ningefungua mdomo ningesema ukweli."

"Ukweli gani?"

"Mama hakuwa anakula, Mwende."

Nikacheka. Nikamwambia mimi nilikuwa hapo, nilikuwa naona bakuli. Akasema, "Ulikuwa unaona bakuli. Ukitoka alikuwa anasikiliza viatu zako kwa ngazi. Ukifika chini, ananiambia nilete karai. Anatapika yote." Nikamwambia aache. Hakuacha, nafikiri alikuwa amebeba hiyo kitu miaka hadi ilikuwa imemtoboa. "Ulimi wake haikurudi. Nilimwambia akuambie. Akasema, huyu mtoto ametembea kutoka Kawangware na mikono zimechomeka, nimwambie nini? Akasema ukija unaingia na kelele, na nyumba inakuwa nyumba. Alikuwa anajitayarisha asubuhi yote ili aweze kumeza mbele yako."

"Na kilo?" nikamuuliza. "Kilo ilipanda."

"Sweta. Alivaa sweta mbili na koti ya Mama Shiro juu. Mama Shiro ndiye alimfunga vifungo."

Nilitaka kupiga kitu na kila kitu ilikuwa imefungwa. Akaendelea, sauti chini, "Anko alipokuja aliona karai. Hakujua kitu ingine, aliona tu dada yake akikula majani yako na kuyarudisha. Kwa matanga ningesema mama alikuwa anakula vizuri, angeuliza karai ilikuwa ya nini. Ningesema karai ni ya kutapikia, na hao watu walikuwa wameshasema mambo ya Wakamba. Wangekuua hapo kwa ngazi. Kwa hivyo nilinyamaza. Na kwa bus nilivuta pazia juu nilikuwa nalia, na ungeniona ningekuambia."

Nilikaa chini kwa sakafu. Mwaka wote huo nilikuwa nafikiria mimi ndiye nilikuwa namlisha. Nilisema, "Na dek? Ile ya kwanza. Alisema anaisikia. Alilia, Atieno." Niliona anatafuta kitu ya kunipa, halafu akaamua kutonidanganya. "Hiyo siku nilikuwa nimeenda maji," akasema. "Nilichelewa kwa foleni. Nikirudi alikuwa amelala. Karai ilikuwa mahali yake, kavu. Lakini Mama Shiro alikuwa na mazoea ya kuosha vitu. Sijui, Mwende. Hiyo moja sijui." Mama Shiro yuko hai, Riruta si mbali, ningeweza kwenda kumuuliza hata kesho. Sitaenda.

Lori ilikuwa bado. Atieno akasimama, akajipangusa magoti, akasema alikuwa amepika kabla nifike, juu hakujua kama nitakuja lakini alipika ya wawili. Sahani zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo alipakulia ugali kwa kifuniko ya sufuria, na sukuma na mayai juu, akaweka katikati yetu kwa sakafu ya hiyo chumba tupu, akanimwagia maji kwa mikono. Nikakata tonge, nikachovya, nikaweka mdomoni. Sikusikia chumvi wala sukuma, ilikuwa kama kutafuna kitambaa. Atieno hakuwa anakula. Alikuwa ameshika tonge yake tu, ananiangalia mdomo, na macho yake ilikuwa imeanza kuogopa.

"Iko sawa?" akauliza. "Nilikuwa na haraka. Sijui kama nilikumbuka chumvi."

"Umekumbuka," nikamwambia. Nikameza, nikakata ingine kubwa kuliko ya kwanza. "Hebu niongeze mayai."